Kabati Lililokataa Kunyamaza

Kuna nchi moja, na jina lake msiniulize maana nina watoto, ambayo mitambo yake imefundishwa adabu kuliko watu. Huko, Mtukufu Mkuu akiingia ndani ya jengo, kila kinachounguruma hunyamaza. Ipo Sheria ya Heshima za Mitambo, kurasa sitini, inayosema kwamba mashine inayoendelea kuvuma wakati kiongozi anazungumza inamkatiza, na kumkatiza Mtukufu Mkuu ni kosa hata kwa jokofu. Lifti huzimwa na watu wakiwa ndani. Siku alipokwenda Hospitali Kuu kufungua geti jipya, alikaa saa nne, na daktari mmoja wa upasuaji akasubiri muda wote huo gizani, mkono ukiwa ndani ya tumbo la karani wa posta. Karani alipona, na akaandika barua ya shukrani.

Siwema Chande alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali hiyo. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, ulimi wake mkali, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjua, na hivyo ndivyo alivyopenda. Mambo yalibadilika binti yake Radhia alipojifungua mimba ikiwa na wiki ishirini na nane. Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu tisini, kiganja chake kikubwa kidogo tu kuliko kifungo cha koti. Akawekwa kitanda namba tisa katika wodi ya watoto njiti.

Wodi hiyo ilikuwa na vitanda kumi na vinne vya kuwapa watoto joto na hewa, na vyote viliongozwa na kompyuta mbili zilizofungiwa ndani ya kabati la chuma ukutani. Kompyuta, kama mjuavyo, haiendi bila mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayozitawala programu nyingine zote. Mfumo wa kabati lile ulikuwa mkongwe, walioutengeneza walishausahau, na wiki ile ulianguka mara tatu. Kila ulipoanguka, Sista Klementina, muuguzi mkuu wa wodi, alipiga ukelele, na Siwema akaja mbio kutoka karakana, kandambili mkononi, kuuwasha upya. Mara ya tatu alikuta midomo ya mjukuu wake imekuwa ya bluu. Aliwasha, akasubiri, rangi ikarudi. Kisha akaketi sakafuni pale pale akalia.

Kesho yake aliiandikia Wizara ya Mitambo. Akaeleza kwamba duniani ipo mifumo ya bure ya ukoo mmoja wa kale, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Katika ukoo huo yeye alikuwa akiujua mmoja uitwao Jabali. Waliokuwa wakiutunza walikuwa watu wabishi, wangeweza kugombana miezi sita kabla ya kubadili mstari mmoja, na ndiyo maana hauanguki. Yeye mwenyewe aliuweka kwenye kompyuta ya chumba cha dobi, chenye betri zake, uendeshe pampu za maji, na ulikuwa umekwenda siku mia nne na kumi na moja bila kuzimika hata mara moja. Akaomba ruhusa auweke wodini.

Wizara ilijibu siku hiyo hiyo. Siwema alipoona hivyo, akaogopa.

Iliundwa Kamati ya Taifa ya Kuteua Mfumo Endeshi, wajumbe thelathini na mmoja. Kati yao mmoja tu aliwahi kutumia kompyuta, naye aliitumia kuandika risala za rambirambi. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Daktari Injinia Lubangula Pwela, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Siwema aliitwa mbele yao, akakuta wataalamu wa wizara nao wameleta mfumo wao. Ulikuwa wa bure vilevile, wa ukoo ule ule, ila mchanga, wenye kubadilika kila baada ya wiki mbili. Uliitwa Maua.

"Tuanze na huyu mama," alisema Waziri. "Hiyo Jabali yako ina vipengele vingapi?"

"Inaendesha vitanda, Mheshimiwa."

"Hicho kimoja. Cha pili?"

"Kesho yake inaendesha vitanda."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaandika neno "mbili" kisha akalifuta.

"Mama," alisema Waziri kwa upole wa kutisha, "taifa haliwezi kusonga mbele kwa kipengele kimoja kilichorudiwa. Skrini yake ikoje?"

"Nyeusi, Mheshimiwa. Ina maandishi meupe."

"Nyeusi! Kuna msiba?"

Wakacheka wote, hata yule wa rambirambi. Wataalamu wakainuka na Maua yao. Loo, ilikuwa nzuri, tusimnyime mtu haki yake! Ilikuwa na vipengele mia mbili na kumi na vinne. Ukiiwasha inatokea picha ya Mtukufu Mkuu akitabasamu, na picha inakufuata kwa macho popote ulipo chumbani. Inapiga wimbo wa taifa kwa ala saba. Inapaka taa za vitanda rangi za bendera. Ina sehemu ya kumpongeza anayeitumia. Waziri alitoka mara moja kwenda kupokea simu, na huku nyuma Siwema akaomba kitu kimoja tu: ioneshe joto la kitanda namba tisa.

Mtaalamu akabonyeza. Wimbo ukakatika. Tabasamu likaganda. Maua nzima ikawa kimya, na bonyeza ubonyezavyo, wapi. Wakati huo huo mlango ukafunguka, Waziri akarejea.

"Imenyamaza!" alipaza sauti mjumbe mmoja. "Imemwona Mheshimiwa, ikanyamaza yenyewe!"

Kamati ikasimama ikapiga makofi dakika nne nzima.

"Waheshimiwa," alisema Siwema, "haijanyamaza. Imekufa. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

"Chunga ulimi wako, mama," alisema Waziri.

Makofi yalipokwisha, akasimama mtu mmoja mwembamba aliyekuwa kimya muda wote. Huyu aliitwa Kitwana Ngoda, Afisa Heshima wa Taifa, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo yote imezimwa Mtukufu Mkuu anapokuwa mahali. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Umesema dobi wametimiza siku mia nne na kumi na moja bila kuzima," alisema polepole. "Na geti lilifunguliwa lini?"

Geti lilifunguliwa miezi saba nyuma. Maana yake, wakati Mtukufu Mkuu anahutubia getini, Jabali ilikuwa inasukuma maji kule dobi kana kwamba hakuna kilichotokea. Chumba kizima kilimgeukia. Siwema alimfikiria Radhia, akafikiria nani atakuja mbio na kandambili mkononi yeye akiwekwa ndani.

"Ilikuwa," alisema, "ilikuwa inafua mashuka ya msafara wake, Mheshimiwa Afisa."

Kamati ilijadili kwa saa mbili kama kufua mashuka ya msafara ni kukatiza au ni kuhudumia. Haikuafikiana, ikaandika kwamba suala linachunguzwa. Halafu ikatoa uamuzi wa pili. Kutakuwa na shindano la siku tatu wodini. Kitanda cha kwanza hadi cha saba vitaongozwa na Jabali kwenye kompyuta moja. Cha nane hadi cha kumi na nne vitaongozwa na Maua kwenye ile nyingine. Siku ya tatu Mtukufu Mkuu atafika mwenyewe wodini kumtangaza mshindi.

"Na vitanda?" aliuliza Siwema. "Akiwa ndani, vitanda vitazimwa?"

"Wewe sheria hujaisoma?" alisema Waziri.

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda wa hotuba."

"Hotuba ina urefu gani, Mheshimiwa?"

"Mama, hotuba ya Mtukufu Mkuu haina urefu, ina ujumbe."

"Basi akina mama wawapakate watoto vifuani, angalau wale wenye nguvu kidogo."

Waziri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alieleza kwamba hilo limefikiriwa, lakini mikono yote miwili ya kila mzazi itahitajika kwa makofi.

Daktari wa watoto alikuwa ameshamwambia Siwema, bila kumtazama usoni, kwamba namba tisa bila hewa ya mashine hafiki dakika kumi. Na hata kabla ya hotuba, kulikuwa na siku tatu za Maua.

Alirudi wodini jioni ile, akamkuta Sista Klementina anamsubiri karibu na kabati, mikono kiunoni.

"Nimesikia yote," alisema Sista. "Namba tisa ni upande wa Maua. Dada, mimi hapa sina macho. Niambie tu, nimhamishie namba mbili, na wa namba mbili aje tisa."

Siwema alitaka. Nawaambieni kweli, alitaka kwa moyo wake wote, na mdomo ulishafunguka kusema ndiyo. Kwenye kitanda namba mbili alikuwapo mtoto wa msichana mmoja muuza maandazi, ambaye kila siku alikuja na kitambaa kisafi kipya ingawa hakuruhusiwa kukitumia.

"Hapana," alisema mwishowe. "Toka nje, Sista. Funga mlango, na mtu akiuliza, fundi yuko kazini."

Aliifanya kazi ile kwa saa tatu, kompyuta moja ikibeba vitanda vyote wakati anaishughulikia nyingine. Kompyuta ya kwanza aliiwekea Jabali, kama alivyoagizwa. Ya pili aliagizwa kuiwekea Maua aliyokabidhiwa na wataalamu, lakini nayo akaiwekea Jabali. Kisha, kwa kuwa mifumo ile ni ndugu, na picha za mmoja hukubali kukaa juu ya mwingine, akaivika ile ya pili sura yote ya Maua: tabasamu, bendera, ala saba, pongezi. Ndani ni yule yule mbishi wa skrini nyeusi. Akaweka betri mpya za saa sita, maana siku ya hotuba umeme wa jengo hukatwa kwenye swichi kuu. Akakata ving'ora, akaandaa namna ya kuzima taa zote za vitanda na za kabati kwa kitufe kimoja bila kugusa joto wala hewa, akafunga feni kubwa, akaacha mbili ndogo, akaziba nyufa za kabati kwa blanketi. Hata hivyo, sikio likisogezwa karibu sana, mvumo ulikuwepo. Akalala nao moyoni.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Hakuna kilichoanguka. Wataalamu wa wizara walikuja asubuhi na alasiri kutazama Maua yao, wakashangaa sana, kwa sababu wao wenyewe hawajawahi kuiona ikimaliza nusu siku. Lakini nani atakataa sifa? Walipeana mikono, wakapiga picha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, umeme ukakatwa. Watu mia mbili walijazana katika wodi na kwenye ukumbi wake, na kila mzazi alikuwa mikono mitupu tayari kwa makofi. Siwema akabonyeza kitufe chake. Taa zote zikazimika, vitanda kumi na vinne vikaonekana vimekufa. Radhia, ambaye aliambiwa asubuhi ile tu, akamshika mama yake mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

"Mama, una hakika?"

"Piga makofi, mwanangu. Piga tu."

Mtukufu Mkuu akaingia, akakaa, akasimama, akaanza. Alizungumzia uimara. Alisema uimara ni nguzo, kisha akasema nguzo ni nini. Dakika kumi zikapita. Siwema alimtazama mjukuu wake kupitia kioo, kifua kikipanda, kikishuka. Dakika ishirini. Daktari wa watoto, aliyekuwa anahesabu kimoyomoyo, alimgeukia Siwema ametoa macho. Kisha akaelewa, akainamisha uso haraka.

Dakika ya arobaini Kitwana Ngoda alianza mzunguko wake. Afisa Heshima huyo alikuwa na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, kile cha madaktari, na alikitumia kusikiliza kuta, mabomba na makabati. Alisikiliza jokofu. Akasikiliza saa ya ukutani. Akafika kwenye kabati la chuma, akabandika kifaa, akafumba macho.

Hakuyafumbua kwa muda mrefu. Alipoyafumbua yalikuwa yanamtazama Siwema.

"Lina uhai," alimnong'oneza.

Siwema alitazama mkono wa yule mtu, na kitufe chekundu cha kuzimia kilichokuwa shibiri moja tu kutoka kwenye mkono huo.

"Tangu alipoingia?" aliuliza Ngoda.

"Tangu alipoingia."

Ngoda akatoa saa yake mfukoni, akahesabu, na jasho likaanza kumtiririka. Maana kama kabati limevuma dakika arobaini, basi na Afisa Heshima hakuligundua dakika arobaini, na adhabu yake imeandikwa ukurasa wa hamsini na nane. Alikikunja kifaa chake taratibu, akakitia mfukoni.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Na wewe hujaniona nikisikiliza."

Akaenda zake kusikiliza dirisha. Siwema akashusha pumzi, na nadhani ndiyo ilikuwa pumzi yake ya kwanza asubuhi ile.

Baada ya saa moja na dakika arobaini Mtukufu Mkuu alifika kwenye matokeo. Mshindi ni Maua! Siku tatu bila kuanguka, na tena yenye vipengele mia mbili na kumi na vinne! Makofi yakatikisa vioo. Waziri Lubangula akaongeza, huku akijifuta uso, kwamba kilichomo kabatini ni nakala ya majaribio tu. Kesho saa mbili asubuhi wataalamu wataiondoa, waweke Maua kamili katika wodi hii, kwa vitanda vyote kumi na vinne, kisha katika hospitali zote sitini na tatu za taifa.

Jamani! Mwanamke yule aliwaokoa watoto kwa siku tatu kwa kuupatia sifa kwa mikono yake mfumo utakaowaua siku ya nne, na si hawa tu. Anyamaze? Angeweza. Hakuna aliyejua. Mkono wake ukanyanyuka kabla hajamaliza kufikiri.

"Mtukufu Mkuu, nina neno."

Radhia akamvuta nguo. Siwema akasimama.

"Maua haimo humu. Kompyuta zote mbili zina Jabali. Mimi ndiye niliyeivika picha. Hiyo Maua yao ikiwekwa kesho, hawa watoto wanakufa."

"Unawezaje kujua," aliuliza Mtukufu Mkuu, "wakati mitambo imezimwa?"

"Haijazimwa, Mtukufu. Tangu ulipoingia haijazimwa. Wangeshakufa."

Kiongozi yule aligeuza shingo taratibu kulitazama kabati. Inasemekana hakuna aliyewahi kumwona ametazama kitu kwa muda mrefu hivyo.

"Nimezungumza saa moja na dakika arobaini," alisema. "Hiki kitu kilikuwa kinanisikiliza, au kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilikuwa kinafanya kazi."

"Kizimeni."

Askari wawili walijitokeza. Radhia akapiga ukelele akajitupa mbele ya kabati, na yule msichana wa maandazi akajitupa pamoja naye. Mkono wa askari ulishafika kwenye kitufe chekundu, kidole kimenyooka, ndipo Waziri Lubangula Pwela alipopiga magoti.

"Mtukufu! Kikizimwa sasa, itaandikwa kwamba kilikuwa kimewashwa!"

Askari akaganda.

"Endelea," alisema Mtukufu Mkuu.

"Taarifa ya serikali imeshatoka, Mtukufu, iko redioni. Inasema ulihutubia na mitambo yote ikiwa kimya. Basi kabati hili limezimwa. Kitu kilichozimwa hakiwezi kuzimwa tena. Na pia," hapa alilia kidogo, "umeshatangaza kwamba Maua imeshinda, na iliyoshinda ni hii iliyomo. Tukiitoa tuweke nyingine, tutakuwa tumekiri kwamba haikuwemo."

Mtukufu Mkuu alifikiri. Vitanda kumi na vinne vikaendelea kupuliza, taa zimezimwa.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Basi Maua iachwe kama ilivyo, isambazwe kutoka hapa hapa kabatini, asiongeze mtu hata nukta. Na huyu mama?"

"Huyu," alisema Ngoda kwa haraka ya mtu aliyeponea chupuchupu, "amezusha kwamba mtambo uliozimwa unafanya kazi. Ni uzushi, Mtukufu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siwema alikaa rumande siku kumi na sita, akafukuzwa kazi, akapigwa marufuku kusogelea mtambo wowote wa serikali kwa hatua mia mbili, na kwa kuwa hospitali nzima imejaa mitambo, mwisho wake ukawa ng'ambo ya barabara. Katika vitabu vya nchi ile kabati la wodi ya njiti limeandikwa kuwa limezimwa, na kwa hiyo hakuna sheria inayoruhusu mtu yeyote kulizima.

Siku aliyoachiliwa hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo ile, akahesabu hatua zake, akasimama. Saa kumi jioni Radhia alitokeza getini, akavuka barabara mbio huku magari yakimpigia honi.

"Mama, umekonda!"

"Achana na mimi. Mtoto?"

"Kilo moja na nusu, mama. Jana wamemtoa kwenye hewa ya mashine. Anapumua mwenyewe."

Siwema alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa, akaivua tena. Halafu aliketi pale pale ukingoni mwa barabara na kulia kwa sauti, wapita njia wakimtazama, na binti yake akaketi pembeni akamwacha alie hadi amalize.